Mwaliko umefika, kikao hakionekani: kwa nini barua pepe na kalenda za ofisi hazielewani

Ukikaa na makatibu muhtasi, maofisa miradi na wahasibu wa ofisi za Kigoma Mjini, utasikia malalamiko yaleyale yakirudi kwa sura tofauti. Mwaliko wa kikao umetumwa kutoka Dar es Salaam na barua imefika, lakini kalenda ya mpokeaji ni tupu. Au kalenda inaonyesha kikao, ila kimewekwa saa moja kabla ya muda uliokubaliwa. Au kikao kiliahirishwa wiki iliyopita, na bado simu ya mkuu wa idara inamkumbusha ahudhurie. Maelezo mawili hutolewa haraka: ama mtandao wa huku ni dhaifu, ama mhusika hajui kutumia kompyuta. Maelezo ya kwanza yanailaumu Kigoma kwa hitilafu inayotokea hata katikati ya Geneva, na ya pili yanamwonea mtumishi ambaye amefanya kila alichotakiwa kufanya. Chanzo halisi, mara nyingi, ni kwamba mifumo miwili iliyotengenezwa na watu tofauti imekutana, na kila mmoja una namna yake ya kuandika na kusoma jambo linaloitwa kikao.

Mkoa wa Kigoma una sababu ya kulijua jambo hili kuliko mikoa mingi. Taasisi za umma zina anwani zinazoishia na .go.tz, na mfumo wa barua pepe serikalini unasimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA. Mashirika ya kimataifa yanayohudumia wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, hufuata mfumo uliochaguliwa na makao makuu yao nje ya nchi. Asasi ndogo na vyama vya ushirika hujitegemea kwa Gmail ya bure. Washirika wa Bujumbura (Burundi), Kalemie (Kongo) na Mpulungu (Zambia) nao wana mifumo yao. Kikao kimoja cha kujadili uvuvi wa Ziwa Tanganyika kinaweza kuwakutanisha watu wa mifumo minne, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa kama mfumo wake unaelewana na wa jirani yake.

Kabla ya kuingia ndani, tuweke maana za maneno machache. Seva ni kompyuta inayowaka muda wote, mahali popote duniani, ikihifadhi barua na kalenda za watu. Programu ni kile unachokifungua kwenye kompyuta au simu yako ili uone vilivyomo kwenye seva, kama vile Outlook, Thunderbird au Gmail ya simu. Itifaki ni makubaliano ya namna kompyuta mbili zinavyozungumza: nani anaanza, anasema nini, na anajibiwaje. Kiwango ni hati iliyochapishwa wazi ili kila mtengenezaji aweze kuifuata. Mfumo, katika makala haya, ni hivyo vyote vikiwa chini ya msimamizi mmoja, kwa mfano Microsoft 365 au Google Workspace.

Tofauti ya programu na mfumo inastahili kushikwa vizuri, kwa sababu mkanganyiko mwingi huanzia hapo. Mtu akisema "mimi natumia Outlook", hajakueleza barua na kalenda yake zinakaa wapi. Outlook inaweza kuunganishwa na seva ya Microsoft, na akaunti ya Gmail, au na seva ya ofisi yenyewe, na tabia ya kalenda itabadilika kwa kila hali. Watumishi wawili wa chumba kimoja, wenye kompyuta za aina moja na programu ya aina moja, wanaweza kupokea mwaliko uleule na kuona mambo mawili tofauti.

Barua hupita, kwa sababu makubaliano yake ni ya zamani

Barua pepe ya kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia mtandao ilianza mwaka 1971, pale Mmarekani Ray Tomlinson alipotumia alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta yake. Mwaka 1982 Jon Postel alichapisha itifaki ya SMTP, inayoeleza namna seva moja inavyoikabidhi seva nyingine barua. Itifaki hiyo imerekebishwa mara kadhaa, lakini mpaka leo ndiyo inayobeba barua kutoka mfumo wowote kwenda mfumo wowote. Hakuna kampuni inayoimiliki, na hakuna kampuni inayoweza kuikataa bila kujitenga na dunia. Ndiyo maana hatusikii mtu akilalamika kwamba barua ya Gmail imeshindwa kusomwa na Outlook kwa sababu tu ni ya Gmail.

Hata hivyo, SMTP ilitungwa kwa ajili ya maandishi matupu ya Kiingereza. Picha, jedwali na hati zilikuja baadaye kupitia kiwango kiitwacho MIME, cha mwaka 1992, ambacho hugeuza faili kuwa herufi ili lipite kwenye njia ya maandishi. Kila baiti 3 za faili huandikwa kwa herufi 4, kwa hiyo kiambatisho huvimba kwa takribani theluthi moja kikiwa njiani. Hilo linajibu swali linaloulizwa kila siku katika ofisi zetu: kwa nini ripoti yenye MB 20 imerudishwa wakati seva ya mpokeaji inaruhusu MB 25? Ikiwa njiani, ripoti hiyo ilikaribia MB 27. Kasi ya mtandao wa Kigoma haihusiki hata kidogo.

Kukabidhi barua kutoka seva hadi seva ni jambo moja, na kuitoa kwenye seva hadi simu yako ni jingine lenye itifaki zake. Ya kale ni POP, ambayo kwa desturi huipakua barua kwenye kifaa kimoja na kuifuta kwenye seva. IMAP, iliyoanzishwa na Mark Crispin mwaka 1986, huiacha barua kwenye seva na kukuonyesha ileile kwenye kila kifaa. Mtumishi ambaye barua zake "zimepotea" baada ya kubadilishiwa kompyuta mara nyingi alikuwa amewekewa POP: barua hazikupotea, zimebaki kwenye diski ya kompyuta ya zamani iliyorundikwa stoo. Mkuu wa ofisi anayetaka kuzipata azuie kwanza kompyuta hiyo isifutwe wala kugawiwa.

Sasa jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingefundishwa mapema lingeondoa nusu ya malalamiko: wala POP wala IMAP haibebi kalenda. Hizo ni itifaki za barua tu. Simu ikiunganishwa na akaunti ya ofisi kwa IMAP, barua zitakuja vizuri, mialiko itaonekana kama barua, lakini kalenda ya ofisi haitafika kwenye simu hiyo hata mtu angoje mwezi mzima. Kalenda ina njia zake. Mifumo ya Microsoft hutumia Exchange ActiveSync na nyingine za kwake, wakati mifumo inayofuata viwango vya wazi hutumia CalDAV, iliyochapishwa mwaka 2007. Mtu anayeweka akaunti kwenye simu huulizwa mwanzoni achague aina yake, na kidole kikigusa IMAP kwa sababu ndilo jina analolijua, kalenda imeachwa nje bila onyo lolote.

Kalenda haisafiri, kinachosafiri ni ombi

Barua ikishafika imefika, na nakala yako hainihusu tena. Kikao hakiko hivyo. Kikao ni jambo moja linalotakiwa kufanana katika kalenda za watu kumi kwa wiki nzima, huku muda, ukumbi na wahudhuriaji vikibadilika. Ndani ya mfumo mmoja hili ni rahisi, kwa kuwa seva ileile inaona kalenda zote na inaweza kuzirekebisha kwa mkupuo. Nje ya mfumo mmoja hakuna seva inayoona pande zote. Mfumo wa mratibu hauwezi kuingia kwenye kalenda yako na kuandika. Unachoweza kufanya ni kukutumia barua ya kawaida iliyobeba faili dogo la maandishi, lenye jina linaloishia na .ics, likiuomba mfumo wako uandike kikao kwa niaba yake.

Lugha ya faili hilo huitwa iCalendar. Iliandikwa mwaka 1998 na Frank Dawson wa Lotus pamoja na Derik Stenerson wa Microsoft, watu wa kampuni mbili zilizokuwa zikishindana, na ikafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2009. Kwa hiyo si kweli kwamba kampuni hazina makubaliano. Makubaliano yapo, ila ni mapana sana, na kila kampuni ilikuwa tayari na kalenda yake yenye mipaka yake kabla ya kuanza kuyafuata. Kila mfumo hutafsiri kutoka lugha yake ya ndani kwenda iCalendar wakati wa kutuma, na mfumo wa pili hutafsiri tena wakati wa kupokea.

Msafiri wa Kigoma analijua jambo hili kwa reli. Tangu mwaka 2024 reli ya kisasa inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwenye njia yenye upana wa milimita 1,435, ilhali reli ya zamani inayopita Tabora hadi Kigoma ina upana wa milimita 1,000. Behewa la njia moja haliwezi kuingia kwenye njia nyingine, kwa hiyo mzigo hushushwa na kupakiwa upya. Mzigo mwingi hufika salama. Usiofika salama ni ule wenye umbo la ajabu, ambao behewa la pili halina nafasi ya kuuweka. Ndivyo ilivyo kwa mwaliko: jina la kikao, tarehe na maelezo hupita bila shida, na vitu vyenye umbo gumu ndivyo huharibika kwenye kushushwa na kupakiwa.

Kitu cha kwanza chenye umbo gumu ni utambulisho wa kikao. Kila kikao katika iCalendar hupewa namba ya pekee, na kila badiliko huongezewa namba ya mfululizo, ili mfumo wa mpokeaji ujue kwamba barua ya leo inarekebisha kikao kilekile cha juzi. Mratibu anayefuta kikao na kukiandika upya, badala ya kukirekebisha, anatengeneza kikao kipya chenye namba mpya. Kama barua ya kufuta haikushughulikiwa upande wa pili, mpokeaji atabaki na vikao viwili. Hali hiyohiyo hutokea pale mpokeaji anapolifungua faili la .ics kwa mkono na kulihifadhi kwenye kalenda ya simu yake binafsi: taarifa za kuahirisha zitakwenda kwenye kalenda ya ofisi, na ile ya simu haitajua. Huyo ndiye mkuu wa idara anayekumbushwa kikao kisichokuwepo.

Kupeleka mwaliko kwa mwenzako nako kuna shida yake. Bosi anapopokea mwaliko na kumtumia msaidizi wake amwakilishe, jibu la msaidizi humwendea mratibu wa awali, ambaye hakuwa na jina hilo kwenye orodha. Mifumo mingine humwongeza, mingine hupuuza jibu lake, na mingine humwachia mratibu aamue. Njia iliyo salama ni kumwomba mratibu amwalike msaidizi moja kwa moja, ingawa inachukua muda zaidi.

Saa: mahali Kigoma inapoumia zaidi

Kati ya nchi nne zinazozunguka Ziwa Tanganyika, Tanzania pekee ndiyo iliyo saa 3 mbele ya saa ya dunia, ile inayoitwa UTC. Burundi, Zambia na mikoa ya mashariki ya Kongo iko saa 2 mbele. Kwa jua, Kigoma ni ya kundi la pili: iko karibu na nyuzi 30 mashariki, na jua lake huchomoza takribani dakika 40 baada ya la Dar es Salaam. Lakini kwa sheria ya nchi saa yake ni ya Dar es Salaam, na hivyo mpaka wa saa unapita katikati ya maji. Bujumbura, ambako ndiko makao makuu ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iko nyuma yetu kwa saa moja.

Tuseme kikao kimepangwa Jumanne tarehe 10 Machi 2026, saa 3:00 asubuhi kwa saa za Kigoma, na wapo washiriki wa Bujumbura. Ukilifungua faili la mwaliko kwa programu ya kawaida ya maandishi, utakuta mstari mmoja unaobeba muda wote wa kikao, na unaweza kuwa umeandikwa kwa namna mojawapo kati ya hizi tatu:

DTSTART:20260310T060000Z

DTSTART;TZID=Africa/Dar_es_Salaam:20260310T090000

DTSTART:20260310T090000

Mstari wa kwanza unaishia na herufi Z, maana yake saa iliyoandikwa ni ya UTC, yaani 06:00. Kalenda ya Kigoma inaongeza 3 na kuonyesha 09:00, ya Bujumbura inaongeza 2 na kuonyesha 08:00, na wote wawili watakuwa ukumbini au mtandaoni kwa wakati mmoja. Mstari wa pili unasema 09:00 kwa saa za Dar es Salaam, na mfumo wowote unaolitambua jina hilo utafikia jibu lilelile. Mstari wa tatu haukutaja ukanda wa saa. Kiwango kinaruhusu kuandika hivyo, na maana yake ni 09:00 ya popote alipo msomaji. Mshiriki wa Bujumbura ataona 09:00, atajiunga ikiwa 09:00 kwake, na Kigoma itakuwa tayari ni 10:00. Atalaumiwa kwa kuchelewa, ilhali amefuata kalenda yake kwa uaminifu.

Mstari wa pili, unaoonekana salama, una mtego wake. Majina ya kanda za saa hayafanani katika mifumo yote. Sehemu kubwa ya dunia ya kompyuta hutumia majina ya miji, kama Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Bujumbura. Windows ina orodha yake ya majina, ambamo Tanzania iko chini ya "E. Africa Standard Time" na Burundi iko chini ya jina la ukanda wa Afrika Kusini. Kuna jedwali la wazi la kulinganisha orodha hizo mbili, na mifumo mizuri hulitumia. Mfumo ambao haulitumii, ukikutana na jina usilolijua, unalazimika kubahatisha, na mara nyingi huangukia saa ya seva yenyewe, ambayo inaweza kuwa Ulaya.

Kikao kilichoandikwa kuwa cha siku nzima ni kigumu zaidi. Kwa mujibu wa iCalendar, siku nzima ni tarehe tu, bila saa, na tarehe 10 hubaki 10 popote. Mifumo ya Microsoft, kwa miaka mingi, imehifadhi siku nzima kama muda unaoanza saa 6:00 usiku na kuisha saa 6:00 usiku katika ukanda wa aliyeiandika. Saa 6:00 usiku ya Kigoma ni saa 5:00 usiku Bujumbura. Siku ya mafunzo iliyoandikwa tarehe 10 inaweza kuonekana Bujumbura ikianza saa 5:00 usiku wa tarehe 9, ikiwa imekalia siku mbili. Kwa shughuli za siku nzima zinazovuka mpaka ningeshauri iandikwe saa ya kuanza na ya kumaliza, hata kama inaonekana ni kujisumbua.

Ofisi zenye makao makuu Ulaya zina jambo la ziada. Geneva husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, wakati Tanzania haisogezi. Kikao cha kila wiki kinachoanza saa 4:00 asubuhi ya Geneva ni saa 6:00 mchana kwetu wakati wa baridi yao, na saa 5:00 asubuhi kuanzia tarehe 29 Machi 2026. Kalenda ikifanya hivyo haijakosea. Inakosea pale mfumo mmojawapo ulipohifadhi kikao kwa UTC bila kukumbuka kwamba ni cha Geneva, kwani hapo kikao kitabaki palepale upande mmoja na kusogea upande mwingine.

Yapo pia mambo mawili ya hapa nyumbani. La kwanza ni simu zinazojirekebisha saa kwa kufuata mtandao. Karibu na mpaka, kwa mfano Manyovu au Kagunga, simu ikidaka mnara wa ng'ambo inaweza kujirudisha nyuma saa moja, na kalenda yote ikaonekana imesogea. Vikao havikubadilika kwenye seva. Kinachotakiwa ni kuiwekea simu ukanda wa Tanzania kwa mkono. La pili ni namna yetu ya kuhesabu saa. Mtu akiambiwa kikao ni saa tatu asubuhi akaandika 3:00 kwenye kalenda, kompyuta itakiweka saa tisa usiku. Kwa kuwa kalenda nyingi hufunguka zikionyesha saa za kazi pekee, kikao hicho kitakuwa kimejificha juu ya ukurasa, na aliyekiandika ataapa kwamba mfumo umekifuta.

Yanayobaki

Vikao vya kujirudia huharibika kwa sababu sheria ya kurudia inayowezekana katika mfumo mmoja inaweza kukosa nafasi katika mwingine. Kalenda ya Apple inakubali kikao cha kila tarehe 1 na 15 ya mwezi kama mfululizo mmoja, lakini Outlook haina mahali pa kuweka tarehe mbili kwenye mfululizo mmoja wa mwezi. Dawa ni kuandika mifululizo miwili. Outlook pia haikubali kikao kimoja cha mfululizo kisogezwe mpaka kikaruka kinachofuata, jambo ambalo iCalendar inaliruhusu. Kadiri mfululizo unavyokuwa na marekebisho mengi, ndivyo nakala za watu wa mifumo tofauti zinavyozidi kuachana, na baada ya muda ni afadhali kuufunga na kuanza mpya.

Kiambatisho kiitwacho winmail.dat kimewatia hofu wengi wakidhani ni kirusi. Hicho hutokea pale Outlook inapofunga barua kwa muundo wa Microsoft ambao programu nyingi nyingine haziufungui, na viambatisho halisi vimo ndani yake. Mpokeaji anaweza kukifungua kwa programu maalumu, lakini dawa yenyewe iko upande wa mtumaji. Amwombe mtumaji abadilishe muundo wa barua uwe HTML au maandishi ya kawaida, kisha atume tena.

Kuona kama mwenzako ana nafasi ni huduma ambayo watu huidhani ni ya kila kalenda. Ndani ya mfumo mmoja unaona saa zake zilizojaa, lakini nje ya mfumo huoni kitu, na ukurasa mweupe usiusome kuwa yuko huru. Kati ya Google na Microsoft kuna daraja linaloweza kujengwa, ila lazima wasimamizi wa pande zote mbili walikubali. Wengine hutumia njia nyepesi ya kutoa kiungo cha kalenda yao, na hapo kuna mambo mawili ya kuzingatia: upande wa pili unaweza kuchukua saa kadhaa kabla ya kuona mabadiliko, na yeyote atakayepata kiungo hicho ataisoma kalenda.

Kuna pia tatizo linalofanana na haya lakini chanzo chake ni usalama. Mwaka 2022 Google, kwa akaunti binafsi, na Microsoft, kwa akaunti za ofisi kuanzia tarehe 1 Oktoba, walianza kufunga njia ya zamani ya programu kuingia kwa jina na nenosiri peke yake. Simu na programu za zamani zilianza kukataa nenosiri lililo sahihi, na wengi walibadilisha nenosiri mara kadhaa bila mafanikio. Kifaa kisichoijua njia mpya kinahitaji programu mpya, na nenosiri liachwe lilivyo.

Pendekezo linalosikika kila mara baada ya haya ni kwamba ofisi zote zinunue mfumo mmoja. Sikubaliani nalo. Halmashauri haiwezi kuacha mfumo wa serikali kwa sababu ya mshirika mmoja, shirika la kimataifa haliwezi kuacha wa makao makuu yake, na Bujumbura haitafuata uamuzi wa Kigoma. Hata ofisi inayohama hupoteza vitu njiani: majibu ya wahudhuriaji, ruhusa za kalenda za pamoja, na uhusiano kati ya kikao na mratibu wake, kiasi kwamba vikao vilivyopangwa kabla ya kuhama mara nyingi havirekebishiki tena na inabidi vialikwe upya.

Kinachowezekana ni kuupima mpaka kabla haujaleta hasara. Ofisa TEHAMA apange kikao cha majaribio na mtu mmoja kutoka kila taasisi wanayoshirikiana nayo, akisogeze kwa saa moja, abadilishe ukumbi, kisha akifute, na kila mara aulize kwa simu upande wa pili unaona nini. Zoezi hilo ni la asubuhi moja na litaonyesha ni wapi hasa mambo yanakwama. Ofisi inayotaka kununua huduma mpya imwombe muuzaji afanye jaribio hilohilo mbele yao, na aongeze kikao cha kila wiki chenye mratibu wa Ulaya kinachovuka mwisho wa Machi. Mpaka hapo, kila mwaliko unaovuka ziwa uandikwe muda wake ndani ya barua kwa maneno kamili, pamoja na majina ya miji: saa 3:00 asubuhi Kigoma, saa 2:00 asubuhi Bujumbura.